Sikio Kwanza, Waya Baadaye: Jinsi ya Kuanza Redio ya Ridhaa Ukiwa Nairobi

Mtu akitamani kuanza redio ya ridhaa hapa Nairobi, mara nyingi hushuka kwanza Luthuli Avenue na kununua redio ya mkononi ya Kichina. Anaichaji usiku kucha, anaiwasha, anabonyeza kitufe na kusema "haloo, haloo". Kimya. Au anajibiwa kwa ukali na askari wa kampuni ya ulinzi anayetaka kujua ni nani kaingia kwenye masafa yao. Wiki mbili baadaye redio iko kwenye droo pamoja na chaja za simu zilizokufa. Nimeyaona haya kwa watu wengi niliowapenda na waliokuwa na moyo wa kujifunza, ndiyo maana mwongozo huu nimeupanga kinyume: masikio kwanza, halafu waya, halafu mtihani na leseni. Redio ya kurusha inakuja mwisho.

Redio ya ridhaa ni huduma inayotambuliwa duniani kote, ambapo mtu binafsi aliyepewa leseni na alama yake ya wito, yaani jina lake la hewani la herufi na tarakimu, huruhusiwa kurusha mawimbi katika bendi maalumu kwa ajili ya kujifunza, kufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake. Kama mchezaji wa ridhaa, halipwi. Huwezi kuitumia kufanyia biashara, huwezi kupiga muziki, na huwezi kuficha maana ya unachosema kwa lugha ya siri. Ukiondoa hayo, uwanja ni mpana.

"Kwani WhatsApp haitoshi?" Kila mtu ataniuliza hilo, pamoja na mama yangu. WhatsApp inakufikisha kwa mtu ambaye namba yake unayo. Redio inakufikisha kwa mtu usiyemjua kabisa, na kati yenu hakuna kampuni, mlingoti wa simu wala kebo ya chini ya bahari. Ni waya wako, anga na waya wake. Mawimbi yanapanda hadi tabaka la hewa yenye chaji za umeme, ionosfera, kilomita 200 hadi 400 juu yetu, yanapinda na kurudi ardhini mbali sana. Mruko mmoja unaweza kufika kilomita 3,000 na ushei. Johannesburg iko karibu kilomita 2,900 kutoka hapa, kwa hiyo mruko mmoja unatosha. Colombo, Sri Lanka, ni karibu kilomita 4,900: miruko miwili. Ukishalielewa hili, hutaangalia tena anga la jioni kwa macho yale yale.

Hatua ya kwanza: sikiliza bila kununua chochote

Wiki ya kwanza usitoe hata shilingi, isipokuwa bando. Chuo Kikuu cha Twente, kule Enschede nchini Uholanzi, kina redio kubwa iliyounganishwa na intaneti ambayo mtu yeyote anaweza kuigeuza masafa akiwa popote. Itafute kwa jina WebSDR Twente, uifungue kwenye simu au kompyuta. Utaona picha kama maporomoko ya maji yenye rangi: kila mstari unaoshuka ni mtu au mtambo ulio hewani wakati huo.

Nenda kwenye megahezi 14.150 hadi 14.350 mchana, au 7.060 hadi 7.200 usiku. Utakutana na sauti za ajabu, kama mtu anayeongea huku pua imebanwa. Hiyo ni SSB, namna ya kurusha sauti inayobana nguvu zote katika upande mmoja wa wimbi. Ina upande wa juu, USB, na upande wa chini, LSB. Desturi ya waridhaa ni hii: chini ya megahezi 10 tumia LSB, juu yake tumia USB. Chagua upande ulio sahihi, kisha sogeza masafa polepole sana, hezi kumi kumi, mpaka sauti ya bata igeuke kuwa sauti ya binadamu. Ustadi huu wa vidole na masikio haufundishiki kwa maandishi. Unakuja wenyewe baada ya siku tatu au nne.

Pita pia kwenye 14.074. Utasikia milio inayoimba pamoja kwa sekunde kumi na tatu hivi, inanyamaza, inaanza tena kila robo dakika. Hiyo ni FT8, iliyotolewa mwaka 2017 na Steve Franke pamoja na Joe Taylor, yule yule aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1993. Ni kompyuta zinazosalimiana kwa ishara dhaifu ambazo sikio lako lisingezitambua. Itakufaa baadaye ukiwa unaishi ghorofani.

Wakati huo huo jifunze alfabeti ya hewani: Alpha, Bravo, Charlie, mpaka Zulu. Jizoeze kwenye matatu kwa kusoma namba za magari yaliyo mbele yenu. KDA ni Kilo Delta Alpha. Ndani ya safari mbili za Thika Road utakuwa umeimaliza.

Hatua ya pili: redio yako ya kusikilizia

Sasa unaweza kutoa pesa, ila kidogo. Redio nyingi zenye maandishi "SW" pale madukani hupokea mawimbi mafupi ya matangazo tu. Waridhaa utawasikia wakikoroma bila maneno. Swali la kumuuliza mwenye duka ni moja: "Hii ina SSB?" Akibabaika, haina. Tecsun PL-330 inayo, na ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni mwa koti. Njia nyingine ni kile kifaa kidogo cha RTL-SDR kinachochomekwa kwenye kompyuta kama flashi. Chenyewe hupokea kuanzia megahezi 24 hadi 1,766, kwa hiyo kwa bendi za chini hakikisha umechukua toleo linaloshuka mpaka huko.

Antena ya kusikilizia ni waya wowote wa mita kumi. Ning'iniza kutoka kwenye roshani au upitishe darini. Uwe na ganda la plastiki, usiguse vyuma.

Kisha utakutana na adui wa kila mridhaa wa mjini: kelele. Utawasha redio na kusikia mngurumo mzito kila mahali. Hiyo si anga, ni taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, TV ya jirani, na mitambo ya sola isiyozibwa vizuri. Fanya jaribio hili: tumia redio kwa betri, nenda kwenye swichi kuu ya nyumba yako, uizime, usikilize tofauti. Washa chumba kimoja kimoja. Mimi niligundua kwamba nusu ya kelele zangu zilitoka kwenye chaja moja tu iliyokuwa jikoni. Niliitupa, na jioni ile ile nikasikia Afrika Kusini.

Na stima ikipotea mtaani, usilalamike. Kimbilia redio. Mtaa mzima unapokuwa giza, bendi hunyamaza kama shamba la mashambani, na stesheni ambazo hujawahi kuzijua zinajitokeza moja baada ya nyingine. Baadhi ya usiku wangu bora kabisa umekuwa ule ambao majirani walikuwa wakitafuta mishumaa.

Vituo kumi na vinane

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoipenda kazi hii.

Kuna mtandao wa vituo 18 vya ishara vilivyotawanywa duniani, vinavyoendeshwa kwa ushirikiano wa waridhaa. Vyote hutumia masafa yale yale kwa zamu: 14.100, 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200. Kila kituo kina sekunde kumi. Kinatuma jina lake kwa Morse, ile lugha ya milio mifupi na mirefu, kisha mistari minne, yaani milio mirefu, ya sekunde moja moja. Mstari wa kwanza ni wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, na wa nne ni sehemu ya kumi ya wati. Baada ya dakika tatu duru imekamilika na inaanza tena. Inakwenda hivyo usiku na mchana.

Kimoja ni chetu: 5Z4B, Kenya.

Huna haja ya kuijua Morse ili kufaidika nacho, kwa sababu saa inatosha. Kwenye 14.100 duru huanza kila dakika inayogawanyika kwa tatu, na kituo cha Umoja wa Mataifa kule New York, 4U1UN. Ukihesabu kuanzia hapo, dakika moja na sekunde 30 baadaye ni 4S7B wa Sri Lanka. Sekunde 40, ZS6DN wa Afrika Kusini. Sekunde 50, 5Z4B. Kisha dakika ya pili kamili, 4X6TU wa Israel, na baada yake Finland. Vituo hivi havikosi kuharibika mara moja moja, kwa hiyo usikate tamaa kimoja kikiwa kimya.

Sasa fikiria maana yake. Umekaa Umoja au Kangemi na redio ndogo na waya. Inafika zamu ya Afrika Kusini. Unasikia mistari mitatu kati ya minne. Hiyo ina maana kwamba wati moja, nguvu ya balbu ndogo ya tochi, imeondoka Afrika Kusini, imegonga anga na kukufikia. Andika kwenye daftari. Kesho saa ile ile sikiliza tena. Baada ya mwezi utakuwa na ramani yako mwenyewe ya jinsi anga inavyofunguka na kufungwa juu ya Nairobi, na hakuna mtu atakayekudanganya kuhusu "redio yenye nguvu". Utakuwa umejua kwamba nguvu ni jambo dogo, wakati ndio jambo kubwa.

Kwa ufupi utagundua hivi: megahezi 7 huamka jua likishazama na kulala asubuhi, kwa sababu mchana tabaka la chini la ionosfera hulimeza wimbi hilo. Megahezi 14 hufanya kazi mchana na kuendelea jioni. Megahezi 21 na 28 ni za jua kali, na hutegemea hali ya jua lenyewe, ambalo lina mzunguko wa takriban miaka 11 wa madoa kuongezeka na kupungua. Kilele cha mzunguko huu kilikuwa mwaka 2024, kwa hiyo bendi za juu zitapoa kadiri miaka inavyokwenda. Zifaidi mapema.

Kuhusu saa, waridhaa wote duniani huandika kwa UTC, saa moja ya pamoja ya dunia nzima, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu. Watu wetu wengi huchanganyikiwa hapa bila sababu. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato: mchana, ongeza tatu kwenye saa yako ya Kiswahili. Saa nne asubuhi ni 0700 UTC. Saa tisa alasiri ni 1200. Usiku, ongeza kumi na tano: saa moja usiku ni 1600, saa tatu usiku ni 1800. Ukivuka ishirini na nne, ondoa ishirini na nne, na ujue kwamba kwa UTC ndiyo kwanza siku mpya imeanza.

Hatua ya tatu: msikilize mtu aliye juu

Ukiwa na RTL-SDR, au redio yoyote inayopokea FM kwenye megahezi 145, tafuta ratiba ya kituo cha kimataifa cha anga za juu, ISS, kikipita juu ya Nairobi. Kiko kilomita 400 hivi juu na kinaizunguka dunia kwa muda wa kama dakika 92. Weka 145.800. Wanaanga wenye leseni za ridhaa huzungumza na wanafunzi wa shule mbalimbali duniani kwa masafa hayo, na siku nyingine hurushwa picha ambazo simu yako inaweza kuzichora kutokana na sauti. Una dakika kumi tu kabla hakijazama upande wa pili. Kinapokukaribia utakikuta juu kidogo ya masafa yake, kama kilohezi tatu, na kinapokwenda zake kinashuka chini kidogo. Ni jambo lile lile la king'ora cha ambulensi inayokupita pale Mbagathi Way.

Waonyeshe watoto hili. Mwaka 2018 chuo chetu cha Nairobi kilikuwa na setilaiti yake ndogo, 1KUNS-PF, iliyoachiliwa kutoka kituo hicho hicho tarehe 11 Mei. Mtoto anayejua kwamba chombo kilichotengenezwa na watu wa kwao kilizunguka huko juu anasikiliza kwa namna nyingine.

Hatua ya nne: somo na leseni

Kurusha mawimbi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998. Nalisema bila kuzunguka kwa sababu redio za mkononi kama Baofeng UV-5R zinapatikana kirahisi, na ina uwezo wa kurusha kuanzia megahezi 136 hadi 174. Bendi ya ridhaa humo ni 144 hadi 146 peke yake. Kulia na kushoto yake wako watu wa kazi: usalama, huduma za dharura, bandari. Kidole kimoja kikiteleza unaweza kumziba mdomo mtu anayeomba msaada. Isubiri leseni.

Anayetoa leseni ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo makao yake yako kando ya Waiyaki Way, Westlands. Kabla hujapanda matatu, waandikie au uwapigie uulize fomu ya redio ya ridhaa, viambatisho vinavyohitajika na ada ya mwaka huo, kisha weka kila kitu kwenye faili moja. Jitambulishe pia kwa Amateur Radio Society of Kenya, ARSK, chama kinachotuwakilisha katika umoja wa waridhaa duniani, IARU. Kupitia wao utawapata watu waliotangulia, na mtu mmoja aliyetangulia anazidi video hamsini za YouTube. Ukikutana nao, salimia, nyamaza, uliza maswali mafupi. Wazee wa redio hupenda sana kufundisha mtu ambaye tayari amesikiliza, na watalijua hilo kwa swali lako la kwanza.

Somo lenyewe lisikutishe. Kama ulisoma fizikia ya sekondari, nusu unayo tayari: kanuni ya Ohm, mawimbi, mkondo wa sumakuumeme. Mfano mmoja wa aina ya hesabu unayotakiwa kuiweza: wati 100 zikiingia kwenye antena ya omu 50, volti ni ngapi? Zidisha 100 kwa 50, upate 5,000, utafute kipeuo chake cha pili: volti 70 na kitu. Ukijua hivyo, hutaugusa waya wa antena mtu akiwa hewani. Mengine ni kanuni za mwenendo, mipaka ya bendi, na jinsi ya kutosumbua TV ya jirani. Miezi mitatu ya jioni mbili kwa wiki inatosha mtu mwenye nia. Leseni ikitoka, utapewa alama ya wito. Za waridhaa wa Kenya huanza na 5Z4.

Hatua ya tano: antena, na mwenye nyumba

Antena ndiyo redio yenyewe. Ukiwa na shilingi kumi za kutumia, saba zipeleke kwenye antena. Nzuri ya kuanzia ni daipoli: waya uliokatwa katikati, kila nusu imeunganishwa na upande mmoja wa kebo. Urefu wote kwa mita ni 143 ukigawanya kwa megahezi. Kwa 14.2 ni mita 10 na sentimita chache. Kwa 21.2 ni mita 6.75. Kwa 28.4 ni mita 5 tu, na hiyo inaenea kwenye paa lolote la Nairobi. Kwa 7.1 utahitaji mita 20, kwa hiyo kama uko kwenye ploti ndogo unaweza kuipinda ncha au kuining'iniza kama V iliyogeuzwa. Kata ndefu kuliko hesabu, kisha punguza kidogo kidogo. Waya uliokatwa haurudi.

Waya wa kuunganishia nyumba, wa milimita mraba 1.5 au 2.5, unafaa kabisa. Cha katikati cha kushikilia unakitengeneza kwa kipande cha paipu ya PVC chenye matundu matatu. Kebo rasmi ni ya omu 50, kama RG-58, lakini ukiikosa au ukiiona ghali, chukua RG-6 ya TV inayouzwa kila kona ya Luthuli. Ni ya omu 75, na daipoli iliyo juu vizuri huwa karibu na omu 73, hivyo zinapatana. Tofauti kwenye redio ya omu 50 ni uwiano wa 1.5 kwa 1, ambao redio nyingi huuvumilia bila shida. Mlingoti nenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Usiseme "antena", watakuchorea ya TV. Waambie unataka paipu ya mita sita yenye kola na matundu matatu ya kamba za kuivuta, na uwachoree kwenye karatasi.

Kila kiungo cha nje kizibe. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga kiungo kwa tepu nyeusi ya stima pekee. Mvua za Aprili zikaingia, maji yakatambaa ndani ya kebo mita kadhaa, na kwa mwezi mzima nilidhani anga imeharibika. Tumia tepu ya mpira inayojishikanisha yenyewe, halafu ile nyeusi juu yake. Kebo ikunje kitanzi cha kuchuruza maji kabla haijaingia dirishani.

Mambo mawili ya uhai. La kwanza: angalia nyaya za stima. Katika mitaa yetu mingi zinapita mkono mmoja tu kutoka kwenye roshani. Usirushe waya au kuinua mlingoti mahali ambapo ukianguka unaweza kuzigusa, hata kama ni jaribio la dakika moja. La pili: radi. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, chomoa kebo na uiweke nje kila unapomaliza. Kama unaishi karibu na Wilson au njia ya ndege, mlingoti mrefu unahitaji idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA.

Na mwenye nyumba? Anza na keateka, yaani msimamizi wa jengo. Mpeleke paani mchana, umwonyeshe waya wenyewe, mwembamba kuliko kamba ya kuanikia nguo, umweleze kwamba hautoboi paa wala haugusi tangi la maji. Kisha muombe akusindikize kwa mwenye jengo. Ukipanda paani kimya kimya usiku utaitwa mwizi wa maji au jasusi, na hakuna maelezo yatakayokuokoa. Akikataa kabisa, usigombane: redio ya wati tano, betri ya volti 12 na fimbo ya kuvulia samaki iliyofungwa waya vinaingia kwenye mkoba mmoja, na vilima vya Ngong viko pale. Kilele chake kinafika mita 2,460. Kwa bendi ya megahezi 145, ambayo husafiri kwa mstari ulionyooka, mita 700 juu ya jiji zinakupa upeo wa zaidi ya kilomita 100. Nenda na mwenzio, mwende asubuhi.

Hatua ya sita: wito wa kwanza

Sasa nunua redio ya kurusha. Ikiwa unaagiza nje, hakikisha kwanza na Mamlaka kwamba aina hiyo inaruhusiwa, isije ikakwama forodhani. Ukiwa ghorofani anza na wati tano na FT8. Ukiwa na nafasi, redio ya wati 100 itataka volti 13.8 na ampea kama 20, hivyo nunua na chanzo chake cha umeme kabisa.

Kabla ya kuita, sikiliza dakika mbili nzima. Kisha uliza kama masafa yanatumika, ukitaja alama yako. Subiri. Uliza tena. Kimya kikithibitika, ita: "CQ, CQ, CQ", wito kwa yeyote anayesikia, alama yako mara mbili kwa alfabeti ya hewani, na "nasikiliza". Akijibu mtu, mpe ripoti yake: tarakimu ya kwanza, moja hadi tano, ni jinsi maneno yanavyoeleweka, ya pili, moja hadi tisa, ni nguvu ya ishara. Tano na tisa ni bora. Usimpe kila mtu tano na tisa kwa adabu. Anataka kujua ukweli.

Hakuna sheria inayosema lazima uongee Kiingereza. Majirani zetu wana alama zao: 5H Tanzania, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Kongo, D6 Komoro. Kuita kwa Kiswahili kwenye megahezi 7 jioni na kujibiwa na mzee kutoka Unguja ni furaha ambayo sijaweza kumweleza mtu asiyeijua. Inakwenda hivi:

"Shikamoo mzee. Asante kwa kunijibu. Nakupata tano na saba hapa Nairobi. Jina langu Wanjiru. Waya wangu ni daipoli juu ya paa la ghorofa ya nne. Nipokee."

"Marahaba mwanangu. Nawe nakupata tano na tano, kuna mkwaruzo wa radi, lakini maneno yote nimeyashika. Mimi niko Unguja, waya umefungwa kwenye mnazi. Huko kwenu mvua imefika?"

Usiogope kutetemeka sauti. Kila aliye upande wa pili aliwahi kutetemeka. Ukimaliza, aga kwa "73", salamu ya heri ya waridhaa tangu enzi za telegrafu, na utaje alama yako.

Halafu daftari: tarehe, saa kwa UTC, masafa, alama yake, ripoti mlizopeana, na eneo lake la gridi, ule mraba wa ramani ambao waridhaa huutaja kwa herufi na tarakimu, akikutajia. Letu sehemu kubwa ya Nairobi ni KI88. Akiomba kadi ya QSL, mtumie. Ni postikadi inayothibitisha kwamba kweli mlisikizana, na watu huzihifadhi maisha yao yote. Chora yako mwenyewe, iwe na picha ya mtaa wako, na uandike kwa mkono ule mstari wa daftari: siku gani, saa ngapi, bendi gani. Yangu ya kwanza niliituma Afrika Kusini. Iliyorudi ina picha ya mti mmoja kwenye uwanda mkavu, na nyuma yake, kwa kalamu ya buluu, "1612 UTC, 14 MHz, 5 na 4, asante kwa kuita."